Tovuti yetu ya Likoni ilisalimia mno, wageni wakatupita

Wakuu, hamjambo? Na walio nyumbani kwenu hawajambo? Mbele mtaelewa kwa nini sikurukia mada.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe, na nayasema yote, hata pale ninapoonekana mjinga.

Nawaona vijana humu wakilia kwamba tovuti zao hazionekani mtu akitafuta. SEO hii, SEO ile. Mimi nililia kilio hicho mwishoni mwa miaka ya tisini, kabla sijajua kama kina jina.

Nilikuwa nafanya kazi katika duka la kompyuta Changamwe. Tulichapa barua, tulitoa nakala, na tulikuwa na modemu moja iliyolia kama paka aliyebanwa mlangoni. Nilijifunza kutengeneza kurasa kwa kuchungulia za wenzangu. Nikajiona fundi.

Mamangu mdogo, Bi Rukia, alikuwa na nyumba ya wageni Likoni. Vyumba vitano, baraza na kisima. Ilikuwa ya urithi, yake na kakake, Mjomba Athmani, na Bi Rukia amezaliwa mumo humo.

Wageni wakaadimika. Mjomba akataka kukata kila chumba mara mbili, apangishe wafanyakazi wa bandarini. Bi Rukia akalia sana. Mjomba akampa mpaka Idi: wageni wasipokuja, fundi anaingia.

Nami nikajipiga kifua mbele ya watu wazima. "Mtandao utawaleta."

Laiti ningenyamaza.

Maneno ya tovuti alinitajia Bi Rukia mwenyewe, amekaa mkekani, mimi naandika. Akaanza na salamu. Akauliza hali. Akauliza watoto, wazee, safari ilikuwaje. Akaomba dua. Aya nne nzima, halafu chini kabisa ndipo vikaja vyumba, na tafsiri ya Kiingereza chini zaidi.

Kichwa cha ukurasa niliandika "Karibuni Nyote". Jina la Likoni lilikuwa ndani ya picha ya kibao cha mlangoni, basi.

Kwetu hakuna aliyeona kosa. Mtu gani huanza na haja?

Nikaisajili kwenye injini ya kutafutia. Nikangoja wiki, nikatafuta kwa Kiingereza nyumba ya wageni Mombasa. Zikaja hoteli za Nyali, zikaja hoteli za Malindi. Sisi hatupo.

Hapo ndipo usingizi ulipoanza kunihama. Nikaisajili tena. Nikaisajili kila siku, kama mtu anayegonga mlango wa aliyekwisha kusema subiri. Nikaandika neno Mombasa mara mia kwa rangi nyeupe juu ya weupe ili injini ione na watu wasione. Nilisoma mahali kuwa ni ujanja. Hakuna kilichobadilika.

Nikalaumu modemu. Nikalaumu simu. Nikalaumu Wazungu.

Kila Ijumaa nikivuka feri kwenda kwa Bi Rukia nilikuwa natafuta uongo wa kumwambia. Yeye haulizi. Anatandika vitanda vitano visivyolaliwa na mtu, kisha ananipa chai.

Ikabaki wiki tano Idi ifike.

Mwenzangu dukani, Mutua, mtu wa bara, alikuwa anachezea kompyuta mchana mmoja. Akaandika "hamjambo nyumbani" kwenye injini, kwa mzaha tu.

"Wee, kuja uone! Si hii ni ya mathe wako?"

Tulikuwa wa kwanza. Wa kwanza kabisa! Na chini ya jina, mahali pa maelezo, injini imeandika: Hamjambo nyumbani, watoto hawajambo, wazee je...

Mutua akacheka mpaka akashika meza. "Nyinyi watu wa Pwani, mkienda kuomba maji mnasalimia mpaka kiu inaisha."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeelewa. Injini ile ilithamini kichwa na maneno ya juu, na juu sisi tulikuwa bado tunaamkuana. Haikujua kama tunauza samaki au tunaoza binti.

Kurekebisha kulikuwa kazi ya saa moja. Kumwambia Bi Rukia ndiko kulikonitoa jasho.

"Yaani mtu angie kwangu nisimuamkue?" akasema. "Wataka niambiwe sina adabu?"

"La, Mama. Lakini hawajauona mlango. Utamuamkuaje mtu ambaye hajafika?"

Akapindapinda ncha ya leso yake.

"Basi weka mlango. Lakini salamu zangu usizitupe."

Nikaandika kichwa kwa Kiingereza: nyumba ya wageni, Likoni, Mombasa. Mstari wa kwanza vyumba, bahari na bei. Kibao nikakiandika kwa maneno, maana injini haisomi picha. Yale maneno meupe nikayafuta kwa aibu. Salamu zikafuata, zote, Kiswahili na Kiingereza chake.

Enzi hizo injini ilichukua wiki kurudi kukagua ukurasa. Nilikuwa nafungua barua pepe hata mara kumi kwa siku, na simu ya dukani ikawa haipatikani kwa kuwa modemu imeishika. Tajiri wa duka akanitishia kunifukuza kazi.

Zikabaki siku sita. Mjomba akaja na fundi, wakaanza kupima kuta kwa futi. Bi Rukia akaingia jikoni akajifungia.

Kesho yake barua pepe ikaja. Nikaichapa, nikavuka nayo mbio, nikawakuta Mjomba na fundi wangali wanapima.

Walikuwa watu saba wa familia moja, wanataka vyumba vyote vitano kwa wiki tatu. Lakini hilo lilikuwa mwisho wa barua. Mwanzo walikuwa wamenakili Kiswahili chetu kwa kukisiakisia: "Hamjambo nyumbani? Wazee hawajambo?" Wakaeleza habari za watoto wao mmoja mmoja, na bibi yao anayeumwa goti.

Nikamsomea Bi Rukia. Nilipofika kwa bibi wa goti, machozi yakamtoka.

"Hawa ni watu," akasema. "Athmani, mwambie fundi aende zake."

Mjomba akakunja futi.

Nyumba ile ipo mpaka leo, vyumba ni vitano vilevile.

Nililojifunza: kabla ya ujanja wowote, uangalie ukurasa wako kwa jicho la asiyekujua. Ajue yuko wapi na atapata nini. Kisha usione haya kuwa mtu, kwa sababu mashine ndiyo iliyowafikisha wale saba mlangoni, lakini walioingia waliingia kwa salamu.

Haya wakuu, na nyinyi tovuti zenu ziliwatesa kwa lipi? Semeni. Ila msianze kabla hamjanijibu: nyumbani hawajambo?