Dada na Dagaa wa Hadi N

Harufu ya dagaa walioanikwa hunirudisha kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba yetu. Dada, aliyekuwa likizo kutoka sekondari, alipanga dagaa kwa mistari: mmoja, wawili, watatu.

"Tunaendelea hadi n, kisha tunajumlisha wote."

"N ni ngapi?"

"Yoyote. Njia haibadiliki, uishie kumi au elfu."

Nilimcheka sana. Jioni baba, ambaye hakusoma, aliniita pembeni. "Dada yako masomo anayaweza kweli?"

"Hayawezi, baba. Hata namba ya mwisho haijui."

Shule zilipofunguliwa, baba hakulipa ada; dada alivaa mabuti meupe akaenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara.

Jana binti yangu alifungua daftari akaniuliza n ni ngapi. Nikamjibu, "Yoyote," nikachukua dagaa jikoni, nikawapanga mezani: mmoja, wawili, watatu.