Macho ya Kuazima

Nakumbuka Jumapili moja ya miaka ya hali ya hatari, mwanangu, mchana, ndani ya ghala la ngano kule Njoro. Tuliziba madirisha kwa magunia tupate giza, maana usiku ulikuwa wa kafyu. Mimi nilikuwa kijana niliyeacha shule darasa la tatu. Nilikuwa nimelima mashamba ya kule Bahati, nimebeba mizigo stesheni ya Nakuru, na sasa nilikuwa nikizunguka mashambani na mashine ya sinema ya tajiri mmoja wa mjini.

Nimeikumbuka kwa sababu jana ulisimama mbele ya televisheni yako mpya, unabonyeza rimoti na kuniuliza kila mara, "Mzee, sasa iko sawa?"

Mashine ile ilikuwa na kioo cha mbele. Ukikizungusha, picha iliyotanda kama uji kwenye shuka tuliyoitundika ukutani hujikusanya ikawa kali. Ukizidisha, inatanda tena. Kazi yenyewe ni hiyo. Lakini nilijiona mdogo mno kuamua. Nilifundishwa kwamba penye wazee haliharibiki neno, basi nikamuuliza Mzee Wafula aliyeketi mbele kabisa. Ndiye aliyekuwa nyapara wa ghala, mtu wa kutia ngano kiganjani na kusema hii ni ya mbegu, hii ni ya kusaga.

"Mzee, iko sawa?"

"Bado."

Nikazungusha. Akatokea ng'ombe anayeingia joshoni, wazi hata kope zake ungezihesabu.

"Wacha hapo hapo!" akina mama wakaita kutoka nyuma.

"Bado," akasema Mzee Wafula.

Nikazungusha tena. Ng'ombe akayeyuka.

"Wewe kijana, huyo ni ng'ombe ama ni ukungu wa Menengai?" akauliza mama mmoja mnene, na ghala zima likacheka.

Nikarudisha. Mzee akasema bado. Jasho likanitoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi nilikuwa nimelisikia, na guu lilikuwa linavunjika vilevile. Mara ya tano ng'ombe akasimama safi kabisa, Mzee akasema tena bado, nami nikashindwa kujizuia.

"Mzee, kwani wewe huoni?"

Wakati huohuo mlango ulikuwa umefunguliwa. Bwana wa shamba alikuwa amesimama pale.

Wote walijua nisilolijua mimi mgeni: asiyeona hakagui ngano, na asiye na kazi shambani hana nyumba shambani. Neno moja tu, na Mzee Wafula angefunga mizigo yake, yeye, mkewe na watoto.

Yule mama mnene ndiye aliyeanza.

"Hata sisi hatuoni."

"Ni ukungu tu," akasema mwingine.

"Tangu tuingie hatujaona kitu."

Nikageuka kuitazama shuka. Ng'ombe alikuwepo, ingawa mwanga wa mlangoni ulikuwa umemfifisha. Nikayafikicha macho yangu. Nilidhani nimerogwa.

Bwana akatazama, akakunja uso. "Mashine bovu. Toa hii."

Kazi yangu iliishia hapo. Mzee Wafula alinisindikiza hadi barabarani, akiinua miguu juu kama mtu anayevuka mto.

"Mwanangu," akaniambia, "ulikuwa na macho yako mawili. Kwa nini uliazima yangu? Na ulipoona hayafai, kwa nini ukayatangaza sokoni?"

Miaka mingi nilimwona mwongo, na wale watu waongo wenzake. Bado kuna siku sijui nani alikosea zaidi.

Lakini hili nalijua. Ukitaka picha nzuri, tazama ukingo wa herufi zinazotokea juu yake. Zungusha mpaka uzuri upite, kisha rudi nyuma kidogo, na funga pazia kwanza. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na macho ni hivyohivyo. Niheshimu, mwanangu, lakini usiniulize kilicho mbele ya macho yako. Na ukigundua kwamba kwangu kila picha ni bado, lifunike, usilitangaze.

Mungu akutunzie macho yako. Na siku yatakapochoka, akuketishe kati ya watu watakaosema hata wao hawaoni.