Mpelelezi wa Chumba cha Ndani

Nikisikia harufu ya kafuri, hata leo nikiwa na wajukuu, hufungua madirisha yote. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya sanduku la Mjomba Shomari, kaka yake mama, aliyekwenda vitani Burma na kurudi salama. Sanduku lilikaa chumba cha ndani cha nyumba yetu, Bagamoyo, na nilipovunja ungo nikawekwa humo humo pamoja nalo. Mwali hatoki. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kidirisha kimoja cha upana wa viganja viwili.

Mwezi wa pili wa kufungiwa nikalifungua sanduku. Chini ya koti la askari palikuwa na kitabu cha Kijapani, picha tupu kila ukurasa, na maandishi kama kuku aliyekanyaga wino. Nilikifungua kutoka kulia kama juzuu ya Kurani, kumbe ndivyo kilivyokwenda. Bibi alinichungulia nimekiinamia, akasema, "Mashaallah, mwali wetu anasoma," akarudi jikoni ameridhika.

Ilikuwa hadithi ya mkufu ulioibwa, na bwana mwenye kofia aliyemsaka mwizi. Sikujua neno hata moja, nikasoma mikono, macho na matope ya viatuni. Baada ya kukirudia mara nyingi nikaona ushahidi: katika umati mzima, daktari peke yake hakulitazama dirisha lililovunjwa. Ndiye! Nilicheka mpaka nikajiziba mdomo kwa khanga. Nawaambieni, aliyefungiwa hupenda sana hadithi ambayo mwishoni kila kitu hufunguka.

Basi nikaanza kuipeleleza nyumba yetu. Kidirishani niliona baraza na viatu vya wageni. Makubadhi fulani, la kushoto limelika upande mmoja, yalikuja Ijumaa tatu, na kila yalipokuja tulikula mananasi. Mchuuzi wa mananasi aliyechechemea nilimjua mmoja tu, Mzee Kondo wa Kerege, aliyemzidi baba umri. Kisha bibi akaanza kunisugua liwa, kama wanavyosuguliwa maharusi.

"Mama," nilisema aliponiletea chakula, "mnaniozesha Mzee Kondo."

Aliiweka sahani chini. "Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nimejua mwenyewe."

"Basi nyamaza nalo, mwanangu. Kujua hakutakusaidia."

Akatoka, akafunga mlango kwa nje. Yule bwana wa kitabuni aliponyoosha kidole, watu wote walisimama. Mimi nilinyoosha changu, na kabla ya Ramadhani nikaozwa. Nilikaa Kerege miaka kumi na tisa, mpaka Mzee Kondo alipofariki.

Tulipomzika mama, Mjomba Shomari aliniita kando. "Mama yako alikwenda Kerege kwa miguu mara mbili," alisema, "kumwomba Kondo asikuoe. Mara ya pili baba yako alijua, akampiga."

Utotoni nilidhani anayefunga mlango kwa nje yuko huru. Siku zile mbili nilizikumbuka vizuri. Nilidhani mama ameshinda shamba. Alirudi jua limezama, vumbi mpaka magotini, akaniletea wali. Nami, kwa hasira, nikamgeuzia mgongo, nikausukuma.