Zamu ya Akko Tume

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nikiwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, nilisimama mbele ya dirisha la ofisi ya ushuru hapa Isiolo nikamtukana mtu ambaye hakunikosea. Nakusimulia bila kujificha. Mficha uchi hazai, na mzee anayeficha makosa yake hana la kumfundisha kijana.

Nilikuwa nimemaliza chuo cha uuguzi. Zahanati ya Gotu ilinikubali, niripoti Jumatatu, ila kwa sharti kwamba nifike na namba ya mlipa kodi. Bila hiyo namba nafasi ingepewa mwingine. Na ukame ulikuwa umemmalizia baba mifugo yote, kwa hivyo nyumbani macho yote yalinitazama mimi. Wakati huo mambo haya hayakufanywa kwa simu kama mnavyofanya ninyi. Ilikuwa karatasi, picha mbili, na laini iliyotoka mlangoni ikafika kwenye ua.

Jumatano fomu zilikuwa zimeisha. Alhamisi nikapata fomu, lakini mwenye muhuri alikuwa ameenda Meru. Ijumaa asubuhi nikafika dirishani, karani akazipitia karatasi zangu, akatikisa kichwa. Kitambulisho kilisema Nuria, cheti cha chuo kikasema Nuriya.

"Sista, hapa ni watu wawili," akasema. "Lete karatasi ya kiapo."

Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Nilipiga kelele kwamba kazi yangu inaanza Jumatatu. Nilimwita mvivu, kisha nikaingia kwenye kabila lake, nikasema ya watu wa milimani wanaokuja kutukalia huku kwetu. Maneno mengine hata leo siwezi kuyarudia. Karani huyo aliitwa Mwiti. Aliinyoosha tu kalamu yake juu ya meza.

Mkono ukanishika begani. Alikuwa mama mzee aliyekaa kwenye benchi, kila mtu pale akimwita Akko, maana yake nyanya kwa Kiborana. Akko Tume alikuwa ametoka Biliqo juu ya lori la mbuzi. Kikundi chake cha akina mama kilitaka kuuzia shule ya bweni maziwa ya ngamia, na shule ilidai namba kama hiyo yangu. Hiyo ilikuwa siku yake ya sita kuja pale. Ya sita! Hakujua kusoma hata herufi moja.

"Wewe msichana," akaniambia polepole, "kwenu hamna kisima?"

"Kipo, Akko."

"Na kisimani kila mtu si ana zamu yake? Anayepigana kisimani anamwagia maji ya watu mchanga. Hata yake pia." Kisha, kana kwamba hakunikemea, akaendelea: "Wakili wa viapo yuko nyuma ya mahakama, mlango wa kijani. Anafunga akienda kuswali. Kimbia. Mimi pia walinituma huko juzi."

Nilikimbia. Nilimkuta wakili anavaa koti, nikamsihi, akaniapisha kwamba Nuria na Nuriya ni mtu mmoja. Lakini karatasi ilikosa muhuri wa karani wa mahakama, naye alikuwa ametoka, akarudi alasiri. Nilipofika tena ofisini, watu walikuwa wanaambiwa warudi wiki ijayo. Mwiti alikuwa ametangaza kwamba anaweza kumalizia mtu mmoja tu kabla ya kufunga.

Mtu huyo alikuwa Akko Tume. Alikuwa tayari dirishani, karatasi zake zimetolewa kwenye mfuko wa nailoni na kupangwa vizuri.

Aligeuka akaniona mlangoni, jasho linanitiririka. Akazikusanya karatasi zake.

"Mwanangu Mwiti," akasema, "mchukue huyu."

"Akko, umekuja siku sita," karani akamwambia. "Na Jumatatu mimi siko. Tuna mazishi nyumbani."

"Kisimani mnyama aliyedhoofika anapewa zamu ya mwenzake. Mimi nimesubiri mvua maisha yangu yote, na mvua haina hata dirisha la kugonga. Nitakuja ukirudi."

Nimeona mengi tangu hapo, nimeshika watoto wakivuta pumzi ya kwanza, lakini sijui kama nimewahi kusimama mbele ya kitu kikubwa kuliko kile. Mama asiyenijua, aliyesikia matusi yangu yote, anasogea pembeni ili nipite.

Nilimwomba Mwiti msamaha mbele ya waliobaki. "Lete fomu," akasema. Akaandika bila haraka, herufi moja moja, ili jina langu lisikosewe tena. Alipogonga muhuri akasema, "Kazi njema, sista." Naye pia alinishangaza. Angeweza kufunga lile dirisha, na nani angemlaumu?

Akko alipata namba yake Alhamisi iliyofuata. Nililijua hilo mwaka uliofuata, nilipofika Biliqo na timu ya chanjo. Nilianza kumshukuru, yeye akaniuliza tu kama nimeolewa. Ile zamu hakuikumbuka kabisa.

Basi sikiliza, mwanangu. Utaambiwa mtandao umepotea, jina halilingani, rudi kesho. Rudi. Akko hakwenda nyumbani mikono mitupu, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Dai haki yako mpaka uipate, lakini usimvue mtu utu wake wala usiguse kabila lake, kwa sababu aliye nyuma ya dirisha ana mazishi yake usiyoyajua. Na zamu yako ikifika, geuka kwanza utazame ni nani amedhoofika kuliko wewe.

Mola akufungulie milango. Ule utakaochelewa kufunguka, akuwekee benchi kivulini na mtu mwema wa kukaa naye. Amina.