Kicheko cha Siku ya Nafula

Juzi, nikipaka rangi chumba cha upasuaji, niliona barakoa ya mpira mweusi, nikainusa. Harufu ilikuwa ile ile tamu.

Utotoni, mimi na dada yangu Nafula tulizoea kuchomoa miwa kwenye trela za trekta zikiwa mwendoni. Mchana mmoja tulianguka sote wawili. Hospitalini nilivutishwa gesi ya usingizi kwa barakoa kama hiyo, mkono wangu ukaunganishwa. Nilipozinduka, Kukhu, nyanya yetu, alinishika shavu.

"Mjukuu wangu, Nafula amekufa."

Nikacheka, nikashindwa kuacha.

"Nyamaza!" Kukhu alifoka. "Haki wewe ni mtoto wa aina gani?"

Kwa miaka niliamini moyo wangu ni mbovu. Juzi daktari wa dawa ya usingizi aliniambia ni gesi iliyocheka, si mimi. Kukhu alizikwa bila kujua. Nami nikikumbuka maneno yake kwamba Nafula amekufa, bado furaha ya gesi ile ndiyo hunijia kwanza.