Shamba Lipo

Siku ile tulikuwa watu wanne katika stoo ya kufungia mizigo, nyuma ya maduka ya viatu ya soko la Zhanxi, mjini Guangzhou, China: mimi; mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu; mwanafunzi mwenzake wa chuo, msichana aliyetoka Nauru; na mama mmoja wa Lubumbashi ambaye tumekuwa tukigawana kontena kwa miaka. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja aliondoka pale na habari tofauti, na mimi ndiye niliyezitofautisha.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Tulikuwa tunavitoa viatu kwenye maboksi yake, maana boksi ni hewa, na hewa nayo hulipiwa nafasi melini. Viatu vya watoto tunavisokomeza ndani ya buti za wanaume, soksi tunazisokomeza ndani ya viatu vya watoto, kisha tunashindilia kwenye gunia na kulizungushia utepe wa njano mpaka liwe gumu kama jiwe. Mdogo wangu huja kunisaidia kila ninapofika Guangzhou. Safari ile alikuja na mwenzake, aliyesema anataka kuona jinsi Waafrika wanavyofunga mizigo.

Yule msichana hakujua Kiswahili na mimi Kiingereza changu ni cha kuulizia bei tu. Niliacha skuli darasa la saba, mwaka ambao baba alimfuata mama kaburini, nikabaki na wadogo wawili. Kwa hiyo mdogo wangu alikaa katikati yetu, mikono ikifunga, mdomo ukitafsiri.

Mama wa Lubumbashi ndiye aliyeanza. "Kijana, uliza uyu mutoto, inchi yake iko wapi? Mie sijasikia."

Msichana akaeleza, naye mdogo wangu akawa anatupa kwa Kiswahili. Ni kisiwa kimoja tu, peke yake katikati ya Bahari ya Pasifiki. Ukikizunguka kwa gari, chai uliyoiacha mezani utaikuta bado ina joto. Katikati ya kisiwa palikuwa na fosfati, udongo wa mbolea. Wazee wao husema ni mavi ya ndege yaliyokaa miaka isiyohesabika mpaka yakawa mali. Wageni waliyachimba kwanza. Kisiwa kilipojitawala, wenyewe wakaendelea, na kwa muda wakawa miongoni mwa watu matajiri kabisa duniani.

"Mungu yangu! Mavi ya ndeke?" Mama wa Lubumbashi aliacha utepe ukining'inia. "Bantu banauzisha mavi, banakuwa batajiri! Sisi kwetu tuko na shaba, tuko na kobalti, na angalia mie niko nafunga sandale."

Tulicheka sote, hata msichana alipotafsiriwa. Akaendelea. Bibi yake alikuwa na gari, na lilipoharibika hawakulitengeneza, waliliacha kando ya njia wakanunua jingine. Nchi ilikuwa na ndege zake na majumba katika nchi za watu. Kisha fosfati ikapungua, fedha zikawekwa pabaya, majumba yakauzwa. Baadaye nchi kubwa ya jirani ikawalipa ili wakimbizi walioikimbilia wakawekwe kule. Sasa wanaishi kwa hilo na kwa kuziuzia meli za kigeni ruhusa ya kuvua samaki. Katikati ya kisiwa yamebaki mawe meupe yaliyochongoka, hapalimiki wala hapajengeki, na watu wamebanana ukingoni.

"Na sasa ile mavi inabakia?" mama akauliza.

Msichana hakungoja tafsiri. Alifungua viganja. "Meiyou," alisema.

Neno hilo tunalijua sote. Ndilo la kwanza utakalojifunza katika masoko haya: unaonyesha kiatu, unataka namba kubwa zaidi, mwenye duka hata hainui kichwa. Meiyou. Hakuna. Tulikuwa wanne wenye lugha nne, na hilo ndilo neno tulilokutania.

Hapo ndipo niliposema lililonikaa mpaka leo. Nilisema, kwa sauti na kwa kicheko, "Ponda mali, kufa kwaja!"

Mama wa Lubumbashi akapiga kofi pajani. Mdogo wangu alisita. Msichana akamgusa mkono, atafsiriwe. Akatafsiri. Tabasamu la yule msichana halikuondoka kwa ghafla, lilipungua polepole, kisha akasema jambo kwa utulivu.

"Anasema," mdogo wangu alieleza bila kunitazama, "wageni walianza kuchimba kabla babu yake hajazaliwa. Na babu alipopata nafasi ya kusema basi, tayari alikuwa na watoto wa kusomesha."

Yangeweza kuishia hapo. Lakini mdogo wangu, nadhani ili kuyafuta maneno yangu, akageuka kuwasifu watu wa kwetu. Alimwambia kwa Kiingereza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili na mimi nisikie: "Namwambia kwamba dada yangu alitulea sisi wawili bila kuuza hata shubiri moja ya shamba la baba. Hati iko sandukuni mpaka leo."

Msichana akanitazama kwa heshima ambayo sijazoea kutazamwa nayo. Akauliza swali.

"Anauliza shambani kuna nini."

Kabla sijafungua mdomo, mdogo wangu alikwisha kumjibu mwenyewe. Minazi na mihogo. Akaonyesha kwa mkono urefu wa minazi. Nami nikainamia gunia langu na kuvuta utepe.

Ukweli ni huu. Hati iko sandukuni. Shamba sijaliuza. Nimeuza mchanga wake.

Kwetu Unguja mchanga wa kujengea hauko kila mahali, na chini ya shamba letu ulikuwapo, mweupe na mzuri. Mtu wa lori alikuja wakati mdogo wangu anatakiwa ada ya bweni. Aliomba tripu mbili, pembeni, palipokuwa na mgomba uliokauka. Nilimwonyesha mnazi wa tatu nikamwambia usivuke hapa. Mwaka uliofuata nilimwonyesha mnazi wa sita. Tripu za mwisho zilikuwa tiketi ya ndege ya kumleta mdogo wangu huku China. Minazi iliyobaki mizizi yake ilikaa nje, ikaanguka mmoja mmoja bila kukatwa na mtu.

Kila alipopiga simu aliuliza, "Dada, shamba lipo?" Nami nilijibu, "Lipo." Sikuona kuwa nasema uongo. Lipo, mipaka yake naijua, majirani wanaitambua. Mara moja alikuja likizo, ikawa masika, nikamwambia njia ya huko haipitiki. Hilo lilikuwa kweli. Sikumwambia kwamba njia iliharibiwa na malori.

Kumbe yeye alikuwa amejenga maisha juu ya neno lile. Alikuwa anasoma kilimo, na somo lake hasa lilikuwa udongo. Chuo kilimwambia abaki kwa shahada ya pili, gharama zote juu yao, na alitakiwa kujibu Jumanne. Usiku wa kuwasili kwangu alinieleza kwamba atakataa. "Vijana wote wanakimbilia huku," alisema. "Mimi nina shamba linanisubiri." Nikamwambia vizuri. Nilisema vizuri!

Kufika adhuhuri, mama wa Lubumbashi alitaka kwenda soko la Yide kutafuta wanasesere kabla msongamano haujazidi. "Mutoto, kuja tuende pamoja, unionyeshe treni," alimwambia msichana, kwa Kiswahili chake na kwa mikono, na wakaelewana. Mlangoni msichana aliniinamia kidogo, akasema kitu.

"Anasema asante kwa siku ya leo," mdogo wangu akatafsiri. "Anasema angependa bibi yake angekutana na mtu kama wewe."

Wakaondoka. Tulibaki na magunia saba na sauti ya mikokoteni nje. Mdogo wangu akaanza kuzungumza juu ya visima, kwamba kwa ardhi kama yetu mtu hahitaji kuchimba sana kupata maji. Nilijua maji yako wapi. Katika masika yanajaa lile shimo lililoachwa na malori.

Nilitaka kumwambia halipo. Neno dogo, nimelisema mara elfu kwa mambo mengine. Halikutoka. Nilichosema ni, "Meiyou."

Akadhani nazungumzia utepe. Akaniletea mwingine.

"Shamba," nikasema. "Meiyou."

Alisimama na ule utepe mkononi. "Sema Kiswahili, dada."

Nikamwambia kwa Kiswahili, tangu mgomba hadi tiketi. Hakunikatiza. Aliuliza tu, kama wanavyouliza wasomi, lile shimo lina kina gani. Nikamwambia ukisimama chini, mtu aliye juu hakuoni. Akauliza kama dada yetu wa kati anajua. Nikasema anajua, nilimwapisha.

Akakaa juu ya gunia. "Kwa hiyo mchanga wote nimeula mimi."

"Hukuula wewe. Niliuza mimi."

"Uliuza wewe, nikala mimi." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonivunja. Nilikuwa nimeficha ili asibebe, na kwa siku moja nimembebesha vyote viwili, shimo na ile miaka ya kudanganywa.

Aliinuka, akaendelea kusokomeza soksi. Alisema Jumanne atajibu mwenyewe, nisimshauri. Nikakubali. Kisha, akiwa amenipa mgongo: "Na yule mwenzangu? Uliicheka nchi yake mbele yangu, dada. Akaondoka anakusifu."

"Mwambie wewe."

"Hapana. Mimi ni mdomo tu. Useme wewe, nitatafsiri."

Jumanne ilipofika, alikubali kubaki chuoni. Hatuzungumzii shamba sana, ila nilipokuja tena safari hii aliniuliza kama bado malori yanapita, nikamwambia nimefunga njia kwa mawe. Hilo nimelifanya.

Juzi tulikula tambi, sisi watatu, karibu na chuo chao. Msichana alifurahi kuniona. Aliuliza habari za minazi. Mdogo wangu aliniletea swali, akaweka vijiti vyake mezani, akangoja. Naye msichana akangoja, akitabasamu. Nilikunywa mchuzi mpaka bakuli likaonyesha maua ya chini.

Nikamwambia mdogo wangu amweleze kwamba viatu vya mwaka huu soli zake si imara. Akamtafsiria hivyo hivyo, neno kwa neno, bila kupunguza wala kuongeza. Ile radhi ya mgeni wa watu bado ninadaiwa.