Mkanda Uliotakata

Jumamosi ya tarehe 9 Novemba 1991, saa kumi na mbili kasorobo za jioni, watu kumi na wawili walikuwa juu ya paa la jengo lenye orofa saba. Mmoja wao alikuwa na kamera. Kumi na mmoja waliosalia walikuwa, kwa maoni ya mwenye kamera, kumi na mmoja wa ziada.

Mwenye kamera alikuwa fundi wa lifti, mtu wa miaka hamsini na miwili, aliyeishi orofa ya sita pamoja na mkewe. Ufunguo wa paa alikuwa nao kwa ajili ya kazi, maana chumba cha mashine ya lifti kilikuwa huko juu. Lakini kwa miaka kumi na mmoja aliutumia pia kwa shughuli isiyompatia chochote ila raha ya nafsi, nayo ni kuupiga picha mji wakati jua linapotua. Majirani walimpachika jina la Bwana Jua. Alijifanya halipendi.

Kanuni yake ilikuwa moja: mtu asionekane. Mabati, nyaya, madirisha, moshi, vyote ruksa; binadamu, hapana.

"Binadamu hatulii," alizoea kusema. "Mnara unatulia."

Sasa, kila mwaka, kwa siku tano au sita za mwanzo wa Novemba, jua lilitua katikati kabisa ya mnara wa maji na bomba refu la kiwanda cha sabuni, likakaa pale kama yai kati ya vidole viwili. Na kila mwaka hakikukosekana kizuizi: wingu, au moshi, au lifti iliyokwama mahali fulani na watu ndani yake. Mwaka huo ulikuwa wa mwisho. Ng'ambo ya barabara jengo jipya la ofisi lilikuwa limefika orofa ya saba, na Jumatatu zege la orofa ya nane lilikuwa limwagwe. Baada ya hapo, magharibi yote ingekuwa ukuta.

Mwenye studio ya picha pale kona ya mtaa, ambaye ndiye aliyemsafishia kwa dawa mikanda yake yote ya picha, alikuwa amempa ahadi. "Niletee hilo jua katikati ya mnara na bomba," alimwambia, "nami nitaliweka dirishani, kubwa, ndani ya fremu." Katika dirisha lile hapakuwahi kuwekwa kitu isipokuwa maharusi na watoto wachanga. Na picha za fundi hazikuwahi kutundikwa popote isipokuwa sebuleni kwake, juu ya redio. Kwa hiyo jioni ile ilikuwa ya kufa na kupona.

Ila habari za zege zilikwisha kuenea jengo zima, na majirani nao walitaka kuliaga jua. Alipanda mshonaji wa orofa ya chini na mumewe. Akapanda mwangalizi wa jengo. Akapanda muuguzi na watoto wake watatu. Akapanda karani mstaafu wa posta, akifuatana na dada yake. Mwisho alipanda mke wa fundi, akimshika mkono mama yake mzazi, aliyekuwa mgeni wao kwa wiki ya tatu akingoja kupasuliwa. Bibi huyo alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Alichobaki kukiona ni mwanga na kivuli.

"Tokeni kwenye jua!" fundi alipiga kelele, jicho moja likiwa kwenye kamera.

"Bwana Jua," mshonaji akamjibu, "jua lenyewe umelinunua lini? Tuoneshe risiti."

Paa zima likacheka. Fundi hakucheka. Alipiga picha moja, akapiga ya pili, akaendelea, na mara hii hapakuwa na wingu wala moshi, wala mtu aliyekwama popote. Jua lilishuka, likaingia mahali pake. Lilipozama alikuwa amepiga ishirini na nne, zote safi, zote tupu.

"Zimebaki ngapi?" mkewe akauliza.

"Kumi na mbili."

"Basi tupige na sisi. Au utazirudisha dukani?"

Alitaka kukataa. Lakini mama mkwe alikuwepo, na mbele ya mkwe mtu hakatai kwa sauti. Akawapanga kwenye ukuta mfupi wa paa, wekundu wa mbingu ukiwa nyuma yao, akawaambia wamtazame yeye. Kumi walimtazama. Bibi aligoma kugeuka zaidi ya nusu.

"Limeshazama?" akauliza, uso wake ukielekea magharibi.

"Limeshazama, mama," binti yake akamwambia.

"Mbona mimi bado naliona?"

Fundi akapiga zote kumi na mbili hivyo hivyo, ili mradi mkanda uishe.

Wakati wa chakula aliuweka mkanda juu ya kabati, ndani ya kikombe. Kama kawaida yake, alikuwa ameacha ulimi wa mkanda umechomoza kidogo nje ya kikopo, kwani mwenye studio aliupenda hivyo. Akatamka, kwa uzito wa mtu asomaye wosia: "Mkanda huu lazima usafishwe kabla ya Jumanne. Usafishwe kwa uangalifu mkubwa."

Bibi alisikia. Kwa wiki tatu alikuwa amekatazwa kushika ufagio, amekatazwa kuosha hata kijiko, ameketishwa kitini kama pambo.

Jumapili asubuhi fundi aliitwa kwenda kuifungua lifti ya hospitali. Mkewe alikwenda sokoni. Saa sita fundi aliporudi, alimkuta bibi kibarazani amekaa wima, mikono mapajani, uso umejaa nuru. Juu ya kichwa chake, kwenye kamba ya nguo, baina ya soksi na foronya, ulining'inia mkanda, karibu mita nzima, umebanwa kwa vibanio viwili, ukidondosha maji.

"Mwanangu," bibi akasema, "nimekusafishia mkanda wako."

Fundi akakaa juu ya beseni lililofudikizwa.

"Ulikuwa unateleza teleza, nikajua ni mafuta. Nimeusugua taratibu, maana nilikusikia unataka uangalifu. Kikopo chenyewe nimekishika juu kisilowe, bati lisije likashika kutu. Ulipofika mahali ukakaza, nikaona nisiulazimishe. Hicho kilichobaki ndani utanisamehe."

Mlangoni alikuwa amesimama mkewe na kikapu, ametoa macho. Naye alijua, kama alivyojua mumewe, kwamba mkanda ambao haujaingia kwenye dawa ukiona mwanga umekwisha. Mtu akimtukana mwajiri wake atapata kazi nyingine. Akimpigia kelele mkwe wake, atakwenda wapi?

Fundi akainuka kutoka kwenye beseni.

"Ahsante, mama," akasema.

"Ahsante ya nini! Mimi ndiye wa kushukuru. Leo nimejiona mtu."

Fundi alipanda paani peke yake, akakaa huko mpaka jioni. Jua lilitua tena katikati ya mnara na bomba, vizuri kuliko jana, naye hakuwa na mkanda wala duka lililofunguliwa. Jambo la ajabu ni kwamba hasira aliyoitafuta hakuipata. Kila alipoiita ilikuja sauti ya bibi: leo nimejiona mtu. Akalitazama jua mpaka likazama, bila kamera, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja. Akaona kwamba lilikuwa kubwa zaidi namna hiyo.

Jumatatu, mashine za zege zikinguruma, alipeleka kikopo studio pamoja na ule mkia uliokwisha kukauka.

"Huu nani kakusafishia?" mwenye studio akauliza, akiunusa.

"Mkwe wangu."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni."

Mwenye studio alicheka hadi akashika meza, kisha akaingia chumba cha giza. Alipotoka hakuwa akicheka. Picha ishirini na tano zilikuwa zimekwenda na maji, ya ishirini na sita imeungua nusu, na kumi zilikuwa nzima. Katika kila moja ya hizo kumi mlikuwa na watu.

Mojawapo aliiweka juu ya kioo cha meza, wakaitazama. Watu kumi wamekodoa macho mbele, mshonaji kinywa wazi katikati ya utani. Na pembeni bibi mmoja amewapa upande, kidevu juu, wekundu wa mbingu umemlalia shavuni.

"Mimi niliahidi jua," mwenye studio akasema. "Na jua si hili hapa, usoni kwake?"

Picha ikawekwa dirishani, kubwa, ndani ya fremu. Waliozoea kupita pale bila kugeuza shingo walisimama. Mshonaji aliwaleta wateja wake mmoja mmoja, akiwaonesha meno yake. Fundi alikuwa akipita ng'ambo mara mbili kwa siku, akijifanya ana safari.

Bibi alipasuliwa jicho la kulia wiki iliyofuata. Bandeji ilipotolewa, alipelekwa mbele ya dirisha la studio kabla hata ya nyumbani. Aliitazama picha muda mrefu.

"Kumbe nimezeeka vizuri," akasema. Kisha akamgeukia mkwe wake. "Na zile nilizokusafishia mimi ziko wapi?"

Mkewe akaangalia viatu vyake. Fundi akamtazama bibi katika lile jicho jipya.

"Zilitakata, mama. Zilitakata kabisa, halikubaki hata doa."

Bibi akatikisa kichwa, ameridhika. "Sabuni ya mche hiyo. Ya unga isingeweza."

Mwezi uliofuata alirudi kwake, na nakala ya picha mkobani. Mshonaji na mumewe walihamia mji mwingine. Mwangalizi alipata kazi kwenye jengo lenye bustani. Karani wa posta alifariki mwaka wa tatu, nayo picha hiyo ndiyo iliyowekwa mezani siku ya kumuaga. Ukuta wa magharibi ulipandishwa hadi orofa ya kumi na mbili.

Kati ya watu kumi na wawili wa paani, waliobaki katika jengo ni saba: fundi na mkewe, muuguzi na watoto wake watatu, na dada wa karani.